Mume wangu alikuwa akipunguza nguo zake kwa siri: kiungulia tulichokichekea miaka minane

Wakuu, nawasalimu nyote. Walio na umri wa kuniamkia, marahaba, nimezipokea kabla hamjaziandika.

Humu najiita Koko Hadidja. Koko kwetu Komoro ni bibi. Skuli nilikaa miaka mitatu tu, kwa hiyo mkiona herufi zimekanyagana mnisamehe, naandika kwa kidole kimoja na miwani inateleza. Ila majina ya watu sisahau, hata ya waliokwisha kufa zamani.

Na haya ni yangu mwenyewe, sikuhadithiwa. Nimetoka kuswali alasiri, udhu bado ninao, sitauvunja kwa uongo wa kwenye simu.

Kilichonifanya niandike ni hiki. Juma lililopita kuna ndugu humu, yule mwenye picha ya paka aliyevaa miwani, aliandika kwamba ana kiungulia mwaka wa sita sasa, na siku hizi wali "unagoma kushuka" mpaka ausukume kwa maji.

Mkamjibu. Mmoja akamwambia anywe magadi. Mwingine akamwambia atafune karafuu. Wa tatu akacheka, akaandika "punguza pilipili mkuu".

Mimi nikaiweka simu chini. Nikaichukua tena. Nikaiweka. Mwanangu Zahara akaniuliza, "Mama, kuna msiba?"

Nikamwambia bado.

Sasa kaeni niwaeleze.

Mimi nimezaliwa Unguja kwa wazazi wa Kingazija. Nilikwenda kwetu Moroni, mji mkuu wa Komoro, nikiwa mwari, sina mali ila Kiswahili changu na cherehani ya mama. Hiyo cherehani ndiyo iliyoniletea mume. Ilikuwa inakata uzi, wakaniambia mtu anayejua kuitengeneza ni fundi mmoja mgeni kutoka kisiwa cha Anzuani, mji wa Mutsamudu, jina lake Atumani. Akaja kuitengeneza. Akarudi kuiangalia. Akarudi tena na haikuwa na ubovu wowote.

Kwetu nyumba ni ya mwanamke. Mume ndiye anayehamia. Kwa hiyo Atumani akahamia kwangu mtaa wa Magoudjou, akafungua chumba cha mbele, akawa anashona kanzu na makoti ya harusi. Watu walitoka mpaka Ntsoudjini kumletea vitambaa, kwa sababu mshono wake ulikuwa haujulikani umeanzia wapi.

Alikuwa na kasoro moja: putu. Putu ni pilipili yetu ya kusaga, na yeye aliila kama watu wanavyokula kachumbari. Anakula mchana, wali na nyama na putu, chai ya rangi juu yake, halafu palepale anarudi kuinamia cherehani mpaka magharibi.

Kiungulia kilimwanza hivyo. Anainama, moto unapanda kifuani. Maji machungu yanamjia mdomoni, anatema dirishani. Anapiga mbweu mpaka wateja wanacheka.

"Fundi, koti langu usilishone na hiyo radi," walikuwa wanamwambia.

Na yeye anacheka nao. Tulicheka sote. Miaka minane tulicheka.

Maana mtaani kwetu nani hakuwa na kiungulia? Jirani yangu Sitti alikuwa nacho. Kaka yangu Abdou alikuwa nacho. Ilikuwa kama mtu kuwa na kikohozi cha vumbi, hakuna aliyekihesabu kuwa ugonjwa. Anakunywa maziwa, anatulia. Analamba magadi, anatulia. Dukani kulikuwa na vidonge vyeupe vya kutafuna, Atumani alikuwa navyo mfukoni pamoja na vifungo vya makoti. Mara moja alimpa mteja kidonge badala ya kifungo.

Nasimama hapa kidogo niseme jambo. Kulikuwa na mzee mmoja, Mze Mlaili, muuza samaki. Siku moja alisikia kifua kinambana, jasho linamtoka, mkono wa kushoto mzito. Akasema ni kiungulia, akanywa magadi, akalala. Alasiri tulikuwa kwenye maziko yake. Ule haukuwa moto wa tumbo, ulikuwa moyo. Daktari alikuja kunifafanulia baadaye sana, akasema maumivu ya kifua yenye jasho, kukosa pumzi, au yanayokwenda mkononi au tayani, usikae kuyapima nyumbani, kimbia. Nimewaambia hilo kabla sijasahau, kwa sababu kisa chenyewe kinakwenda kwingine.

Tuendelee.

Ikaja ile miaka ya Anzuani kutaka kujitenga. Siasa sitaiingia, mimi si mtu wake, na humu mnagombana kwa mambo madogo kuliko hayo. Nasema tu yaliyofika mlangoni kwangu.

Moroni palichafuka. Mtu aliyekuwa jirani akawa "Mnzwani", yaani mtu wa Anzuani. Wateja wa Atumani wakaanza kupita bila kusalimu. Siku moja tukaamka mlangoni kwa chumba cha kushonea pamechorwa kwa mkaa maneno ambayo sitayaandika. Nikayafuta kwa maji na mchanga kabla hajatoka kuswali. Akatoka, akaona ukuta umelowa, akaendelea msikitini.

Baada ya siku chache akaniambia, "Hadidja, nakwenda kwetu mpaka patulie. Nyumba ni yako, wewe kaa."

Nikamwambia, "Nyumba haina miguu, haiendi popote. Mimi ninayo."

Nikamwachia Abdou funguo, nikamfuata mume wangu Mutsamudu. Wanawake wa kwetu walinishangaa. Mke kumfuata mume kwao ni kioja. Lakini sijutii hilo mpaka leo. Ninayojutia ni mengine.

Mutsamudu tulipata chumba cha juu kwa mama mmoja anaitwa Ma Zaliffa, ndani ya mji wa zamani, vichochoro ambavyo watu wawili wakikutana mmoja anapita ubavu ubavu. Dada yake Atumani, wifi yangu Moinaecha, alikuwa na nyumba ya mama yao vichochoro vitatu mbele.

Na hapa sikilizeni, kwa sababu kosa letu lote limelala hapa.

Kwetu dada ana haki ya kumlisha kaka yake. Awe ameoa, awe mzee, chakula cha dada kipo. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza ikapangwa: mchana Atumani atakula kwa Moinaecha, usiku atakula kwangu.

Mpango mzuri, kama wapishi wawili wangekuwa wanazungumza.

Moinaecha hakunitaka. Mimi kwake nilikuwa mtu wa Moroni, na Moroni ndiko alikofukuzwa kaka yake. Siku ya kwanza nilipokwenda kumsalimu alinitazama tangu utaji mpaka viatu, akasema, "Karibu bi Moroni. Umetuletea na wanajeshi wako, au wamebaki mlangoni?"

Wanawake waliokuwepo wakacheka. Mimi nami mdomo sikunyimwa. Nikamjibu, "Wamebaki mlangoni, wifi, wanasubiri uwape ruhusa ya kucheka."

Basi. Tangu siku ile hatukusemeshana. Akinipitia kichochoroni anajifunika shiromani lake usoni kana kwamba nina vumbi. Mimi nami nageuza uso ukutani. Watu wazima na akili zetu.

Halafu njia zikafungwa. Serikali ya Moroni ikakifungia kisiwa, meli haziji, ndege haziji, simu hazisemi. Unga ukaisha, mafuta yakaisha, hospitali dawa zikawa za kuhesabu. Mchele ukawa kitu cha kunong'onezana. Tulikula muhogo, ndizi mbichi na mashelisheli. Kila mtu akakonda. Mashavu ya Ma Zaliffa, aliyekuwa mwanamke wa mwili wake, yaliingia ndani mpaka akawa hacheki, anaona haya.

Ndani ya kukonda kwetu sote, nani angemwona mmoja anayekonda zaidi?

Jioni naweka sahani. Muhogo kidogo, pengine wali ngumi moja. Atumani anasema, "Wape watoto wa Ma Zaliffa. Dada leo kanishindilia, sina nafasi. Nipe uji tu."

Mimi nampa uji, na moyo wangu unaona fahari. Wakuu, siwafichi. Nilikuwa nawaambia wanawake kisimani, mume wangu mwanamume kweli, wakati huu wa njaa anawaachia watoto wali. Mpaka mwalimu wa madrasa, Fundi Said (kwetu mwalimu naye huitwa fundi), alimtaja msikitini bila kumtaja jina, kwamba kuna mtu mjini anafunga ili wengine wale.

Atumani aliposifiwa aliinamisha kichwa. Nikadhani ni unyenyekevu.

Sasa nikikaa peke yangu nayapanga yale niliyoyaona nikayapita. Sauti yake ilikwaruza, na alikuwa msomaji mzuri wa Qurani, akaacha kusoma. Alikohoa akilala, akawa analala ameegemea ukuta kwa mito miwili. Kikombe cha maji hakikumbanduka mkononi. Aliacha kula sinia moja na wanaume wenzake, kila siku ana sababu. Nikimpa ndizi anatafuna mpaka mimi namaliza kuosha vyombo.

Na kitu cha ajabu: moto wa kifua ulipungua. Mwenyewe aliniambia, "Kiungulia kimenihurumia siku hizi, kwa kukosa putu." Nikamshukuru Mungu.

Siku ya kufua. Sabuni ilikuwa kipande kama kucha, kwa hiyo nilikuwa nageuza nguo ndani nje ili nisugue penye jasho tu. Nikachukua kanzu yake ya Ijumaa, ile ya rangi ya maziwa aliyoishona mwenyewe Moroni, nikaigeuza.

Mshono wa ubavuni haukuwa mahali pake.

Mimi ni mke wa fundi. Nikaipeleka kwenye mwanga wa dirisha. Pembeni mwa mshono kulikuwa na mstari wa vitundu vidogo vya sindano, pale mshono wa zamani ulipokuwa. Ndani yake mstari mwingine. Ndani yake mwingine tena. Mara tatu. Amefumua, akaingiza ndani, akashona. Amefumua tena, akaingiza ndani, akashona.

Nikachukua koti. Vivyo hivyo. Suruali, kiuno kimekunjwa mpaka mifuko ya nyuma inakaribia kubusiana.

Wakuu, sisi wengine nguo zilikuwa zinatuning'inia kama zimeanikwa. Atumani peke yake nguo zilikuwa zinamkaa. Na mimi nilikuwa nimesema moyoni, alhamdulillahi, huyu wangu angalau hajakonda sana.

Nikaziacha nguo nyingine majini, ile kanzu nikaibeba. Nikatoka na mikono ina povu, vichochoro vitatu, mpaka mlango wa Moinaecha. Sikubisha hodi.

Alikuwa anachagua choroko. Akainua uso. "Bi Moroni umepotea njia?"

Nikamwambia, "Wifi, nitukane baadaye. Kaka yako akija hapa mchana anakula nini?"

"Anakula chakula. Unadhani namlisha mawe?"

"Chakula gani?"

Akatupa punje mbovu pembeni. "Mchuzi. Anakunywa mchuzi tu. Anasema asubuhi umemlisha sana, tumbo limejaa."

"Mimi asubuhi nampa chai. Usiku anakunywa uji. Anasema wewe mchana umemshindilia."

Choroko zikamwagika. Hakuziokota. Nikamtupia ile kanzu mapajani, nikamwonyesha vitundu. Yeye pia ni mtoto wa fundi, baba yao alikuwa mshonaji, hakuhitaji maelezo. Akapitisha kidole mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, akaanza kulia bila sauti.

Mchana ule Atumani alipoingia kwa dada yake alitukuta tumekaa mkeka mmoja. Akasimama mlangoni. Nadhani alijua palepale.

Moinaecha alikuwa amepata mkate, sijui ameutoa wapi siku zile, mkate mzima. Akaukata. Akasema, "Kaka, kaa. Kula mbele yetu."

"Dada, nime..."

"Hukula kwa mkeo, na hapa huli. Kula."

Akakaa. Akamega tonge dogo kama la mtoto. Akatafuna, akatafuna. Akameza. Nikamwona shingo inavyopanda, macho yakamtoka, akashika kifua katikati, hapa, juu ya chembe ya moyo. Akachukua maji, maji nayo yakakaa. Akatoka mbio uani, vyote vikarudi.

Aliporudi alikuwa anafuta mdomo kwa kiganja. Akasema, "Wali ulianza kugoma kushuka tukiwa bado Moroni. Halafu nyama. Halafu mkate."

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Nilikuwa napiga kelele, nakiri.

Akasema, "Kwa sababu ungetaka nipimwe, na pa kupimwa ni Moroni. Bora nife hapa kwetu kuliko kupigwa mawe kule."

Na hilo ndilo lililokuwa linamla, wakuu. Si wali peke yake.

Tulimpeleka hospitali siku ileile, mimi huku, wifi huku, kama maharusi. Daktari aliitwa Combo, kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Alimpima uzito, akarudia kumpima. Halafu akauliza maswali ambayo nayakumbuka moja moja. Umeanza lini. Vinakwama vigumu tu au hata maji. Umetapika damu, au kitu cheusi kama mashapo ya kahawa. Choo chako kimekuwa cheusi kama lami. Unapata kizunguzungu. Unavuta tumbaku. Kwenu kuna aliyeugua hivi.

Nikamwambia, "Lakini daktari, kiungulia kilikuwa kimempungua."

Akasema, "Mama, hilo si la kufurahia. Mwenye kiungulia miaka mingi, kikatulia chenyewe huku kumeza kunazidi kuwa kugumu, huwa si kupona. Mrija wa chakula unaweza kuwa umeziba. Inaweza kuwa kovu la asidi. Inaweza kuwa uvimbe mbaya. Kwa macho siwezi kujua, na hapa sina cha kutazamia ndani."

Akasema pia kitu kilichonichoma: kwamba kiungulia cha kila juma, mara mbili mara tatu, mtu anaishi kwa vidonge vya dukani, hicho tu kilitosha kumleta kwa daktari. Hakikuhitaji kungoja wali ukwame. Ukikwama wali, au mwili ukipungua bila kukusudia, hapo si pa kungoja hata juma moja.

Sisi tulikuwa tumengoja zaidi ya mwaka mzima tangu wali ugome.

Akaandika karatasi. Akasema Moroni kuna daktari mgeni aliyekuja kwa muda na mpira wenye taa na kamera. "Lakini mtafikaje, mama, mimi sijui."

Hapo ndipo nilipomjua wifi yangu Moinaecha. Yule aliyekuwa akisema Moroni ni kaburi, alichukua ile karatasi akaenda nayo bandarini. Kulikuwa na mkuu wa wapakiaji anaitwa Halidi, walisoma chuo kimoja utotoni. Akamkalia. Siku nne, kutwa nzima, ameketi juu ya kiroba mlangoni kwa ofisi. Halidi akamwambia, "Moinaecha, watu watasema nimekuoa." Akamjibu, "Nipe nafasi mbili kwenye chombo nikutaliki."

Nafasi zikapatikana. Kulikuwa na chombo kilichoruhusiwa kuchukua wagonjwa. Siku zile nne mimi nilikuwa nahesabu matonge ya uji. Siku ya tatu uji nao ukaanza kurudi.

Siwezi kuwaeleza ile safari, nilitapika mimi kuliko mgonjwa.

Lakini nawaeleza bandari ya Moroni. Nilimwambia Atumani, usifungue mdomo. Kingazija chake hata baada ya miaka yote ile kilikuwa na lafudhi ya kwao, neno moja tu linamtangaza. Askari akasimama mbele yetu. Akamwangalia yeye, akauliza, "Mzee anaitwa nani?"

Nikasema, "Mume wangu huyu, koo limefunga, haongei. Mimi ni Hadidja wa Magoudjou."

Akarudia, "Nimemuuliza yeye."

Nikamtazama vizuri yule askari. Sikio lake moja lilikuwa limekunjika juu. Nikasema, "Wewe si Youssouf wa Ma Echati muuza vitumbua? Koti la nikaha ya baba yako nani alilishona?"

Akatazama chini. Akamtazama Atumani, zile nguo zinavyomkaa vizuri juu ya mifupa. Akasema, "Piteni, bweni." Bweni kwetu ni mama wa heshima.

Sijui alijua au hakujua. Nadhani alijua.

Ule mpira wakamtia asubuhi iliyofuata. Mimi nilikaa nje kwenye benchi na Abdou, tasbihi imekatika uzi, nahesabu kwa vidole. Yule daktari mgeni, Nourdine, akatoka, akasema njia ya chakula imebaki nyembamba kama mrija wa kunywea soda. Amechukua vinyama vidogo kutoka pale palipobana, vinapelekwa nje ya nchi kupimwa kama ni saratani. Tungoje.

Tulingoja wiki tano. Wiki tano ndani ya nyumba yangu mwenyewe, madirisha ya mbele yamefungwa, mume wangu anaongea kwa kunong'ona, si kwa ugonjwa tu. Kila mlango ukigongwa sijui niogope lipi, majibu au majirani. Jirani yangu Sitti alikuwa ananiletea maziwa, kitu pekee kilichokuwa kinamshuka mgonjwa, kwa mlango wa uani. Hakuuliza ni ya nani. Mungu amrehemu.

Majibu yakaja. Haikuwa saratani. Lilikuwa kovu. Ile asidi ya miaka yote, kila anapoinamia cherehani na tumbo limejaa, ilikuwa inapanda, inachoma, panapona, inachoma tena, mpaka mrija ukasinyaa. Daktari, niliyekuwa nimemweleza habari ya zile nguo, alimwambia, "Fundi, ndani yako pamepunguzwa mara nyingi kuliko koti lako."

Atumani akacheka. Mara ya kwanza kwa miezi.

Wakaupanua ule mrija kidogo kidogo, mara nne. Wakampa dawa ya kuzuia asidi, kidonge kila asubuhi kabla ya kula. Putu basi. Chai ya rangi kidogo. Kula mapema kabla ya kulala, kichwa cha kitanda kikainuliwa kwa matofali, na baada ya kula haruhusiwi kuinamia cherehani mpaka chakula kishuke. Daktari akasema tungewahi mwanzoni kabisa, pengine hayo tu na vidonge yangetosha.

Njia zilipofunguliwa tulirudi Mutsamudu kumwonyesha kwa dada yake. Moinaecha alipika wali wa nazi na samaki. Akaweka sahani moja, mimi na yeye tukakaa pande zote mbili za Atumani tunamtazama kama paka wawili.

Akasema, "Mtanifanya nipaliwe kwa haya."

Akala. Polepole, lakini akala. Akamaliza. Akafuta sahani kwa kidole.

Halafu akamwomba dada yake wembe, akavua koti palepale, akaligeuza ndani nje, akaanza kufumua mshono.

Atumani alifariki miaka kumi na saba baadaye, kwa ugonjwa mwingine. Kanzu ile ya rangi ya maziwa ninayo. Vitundu bado vinaonekana ukiinua kwenye mwanga.

Nilichojifunza, wakuu, si kikubwa. Mimi si daktari, kila mtu amwone wa kwake. Ila kiungulia cha mara kwa mara msikichekee. Na mtu wa nyumbani kwako akikwambia ameshiba, usimwamini kwa sababu ni mwema. Ulizeni walioko mahali pengine anakokula. Hata kama hamsemeshani.

Walio na uzoefu wa haya, au madaktari mlio humu, nirekebisheni nilipokosea, semeni na yenu. Nitasoma yote, pole pole.

Lakini wewe ndugu mwenye picha ya paka aliyevaa miwani. Mimi nakuandikia wewe. Nimeingia kila siku tangu uandike, Zahara amenionyesha pa kubonyeza. Pameandikwa hujaingia humu tangu Jumanne iliyopita.

Nenda ukapimwe. Ukitoka, andika neno moja tu hapa chini, hata "nimefika".

Koko wako nakungoja.